Miguu ya Meno Mawili

Kilichoninyima usingizi siku tisa ilikuwa miguu. Si yangu, yangu najua inakokaa. Ni miguu minne ya mnyama aliyekufa kabla hajazaliwa mtu yeyote wa kumwona, na ambaye mimi, Rehema, mhitimu wa elimu ya wanyama asiye na kazi, nilikuwa nimemchora akiwa ameitandaza kando kama mjusi aliyeanguka kutoka darini.

Tangu nirudi kila mmoja wenu, rafiki zangu, ananiuliza ilikuwaje, na kila nikisimulia nasahau kipande. Kwa hiyo naandika mara moja, mpokezane.

Mnajua kwamba ajira za serikali zimesimama na kwamba siku hizi kila aliyewahi kuuza madaftari amekuwa mchapishaji wa vitabu. Mmoja wao alitaka kitabu cha shule za msingi kuhusu wanyama wa kale, akanipa kazi ya picha. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Picha za ndani zilikwisha salama. Ya jalada ndiyo iliyoniumiza. Mnyama wa jalada ana jina refu la kisayansi linalouma ulimi, nami namwita Meno Mawili: mnene, ukubwa wa mbuzi aliyeshiba, mdomo kama wa kobe, na meno mawili yanayoshuka pembeni mwa mdomo kama ya ngiri. Hana jamaa aliye hai ambaye ungeweza kwenda kumtazama anavyosimama. Kuna mifupa yake tu, iliyogeuka mawe, na ukitaka kumchora lazima uanze na mifupa, uvike nyama, kisha ngozi, na kila ukipanda ngazi moja, unachokijua kinapungua na unachokikisia kinaongezeka.

Mimi sikuanza na mifupa. Nilinakili mkao kutoka kitabu cha zamani. Mchapishaji alifurahi sana. "Anatisha!" alisema. "Watoto watawasumbua wazazi wao mpaka wakinunue." Kisha nikamwonyesha mwalimu wangu wa chuo, akaitazama picha, akasema, "Una hakika na nyonga?" halafu akaenda kula mchana.

Maneno manne tu! Nilikuwa nimewachorea watoto wa nchi nzima mnyama wa uongo, au sikuwa nimewachorea? Siku ya tisa nilimwendea mwalimu nikiwa na macho mekundu. Akaniazima nakala za plasta, nusu ya ukubwa wa mifupa yenyewe: fuvu, mfupa wa paja, mfupa wa mkono wa juu, na vipande vya nyonga na bega vyenye mashimo ambamo mifupa hiyo hukaa. "Katafute mtu anayejua nyama," akasema, "halafu katafute mtu anayejua mwendo." Nikamkumbuka Baba mdogo Selemani, mwenye bucha Kilosa. Na kutoka Kilosa mtu hukata kusini akafika Mikumi, kwenye wanyama wenyewe. Mchapishaji nilimwambia nakwenda kurekebisha kidogo. Akaniruhusu niondoke na picha, ila iwe mezani kwake Ijumaa, kwani Jumamosi kitabu kinaingia mtamboni.

Dar mpaka Kilosa: mtoto asiyelia

Treni ya Jumatatu jioni iliondoka Jumanne alfajiri. Sina la kusema juu ya hilo, mmeshapanda treni.

Mifupa mingine niliiweka kwenye begi, lakini fuvu niliogopa kulipandisha juu lisije likaanguka. Nikalifunga kwa pamba, juu yake khanga, nikalipakata. Mbele yangu alikaa mama mmoja mnene mwenye uso wa furaha, na ndoo ya bati yenye mfuniko katikati ya miguu yake. Tulipopita Ngerengere aliniinamia.

"Mdogo wangu, mtoto wako mtulivu. Tangu Dar hajalia hata mara moja."

Hapa nilikuwa na nafasi ya kusema si mtoto. Niliitumia kufikiri. Nikisema ni mfupa, ataniuliza wa nini. Nikisema wa mnyama, behewa zima litajiuliza binti huyu anakwenda kwa mganga gani. Nikisema wa plasta, nitaonekana mwongo. Nilipomaliza kufikiri, nafasi ilikuwa imekwisha.

"Ana miezi mingapi?"

"Ni mkubwa kuliko anavyoonekana," nikajibu.

"Ameshaota meno?"

"Mawili." Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli, na nilikuwa na kiu ya kusema lolote la kweli.

"Mawili, jamani! Ya chini?"

"Ya juu."

Behewa likanyamaza. Nanyi mngenyamaza, msijidai. Mtoto anayeanza na meno ya juu ni kigego, na bibi zetu hawakutaka hata kukaa naye mkeka mmoja. Babu aliyekuwa kando yangu alivuta miguu yake taratibu. Dada mmoja akahamisha tenga lake la nyanya. Nami nikakaa pale nimeshikilia plasta, nikiona uchungu kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwepo.

Ila yule mama hakuondoka; alihama kiti chake akaja kukaa upande wangu.

"Usiwasikilize hawa," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi Mama Kulwa, wa kwangu wa tatu alianza na ya juu. Leo yuko darasa la sita na anakula kumshinda baba yake. Yesu hana kigego. Mlete nimbebe, upumzike mikono."

Akampakata, akafumba macho, akaweka kiganja juu ya khanga na kuomba. Aliomba kwa dakika nzima, kwa sauti, kwa ajili ya afya ya mtoto, maziwa ya mama na akili darasani. Nilisema amina. Ningefanyaje? Kisha akafunua ndoo, akachota uji kwa kijiko, akainua pindo la khanga.

"Yesu wangu!"

Namsifu jambo moja: hakuliangusha. Alilitazama fuvu, akanitazama mimi, akalitazama tena.

"Huyu mtoto ana mdomo wa kobe!"

Nilieleza kila kitu kwa pumzi moja, kuanzia mchapishaji mpaka nyonga, na sauti yangu ilipanda mpaka ikawa kama filimbi. Nilipomaliza Mama Kulwa alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakitetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka, babu akacheka, mwenye nyanya akacheka, na Meno Mawili akapitishwa mkono kwa mkono mpaka mwisho wa behewa na kurudi, kila mtu akimpima meno kwa kidole.

"Na mimi nimeshamwombea akili darasani!" Mama Kulwa alisema, akijipangusa machozi kwa kitenge. "Basi maombi hayarudi. Utasoma wewe kwa niaba yake."

Karibu na Kimamba treni ilisimama kwa muda wa saa tatu, kwa sababu mafundi walikuwa wakinyanyua kipande cha reli mbele yetu. Wauzaji walitokea kati ya mistari ya mkonge, na tukala mayai ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili. Mama Kulwa aliniuliza maswali kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

"Rangi yake mnaijua?"

"Hapana."

"Alikuwa na manyoya?"

"Hatuna hakika."

"Masikio?"

"Pengine matundu tu."

"Sasa mdogo wangu, unajua nini?"

"Miguu," nikasema. "Yaani, nilidhani."

Akacheka tena, akanipa yai la pili. Aliniambia anakaa Chanzuru na mume wake na ng'ombe wao. Walishuka kutoka Shinyanga wakifuata malisho. Alipokuwa mdogo alifinyanga ng'ombe wa udongo kuliko kaka zake wote, na kaka zake walikuwa wakimwibia.

Kilosa: buchani

Baba mdogo Selemani ni mtoto wa mtu aliyekuja kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Bucha lake liko karibu na soko. Nilimkuta ananoa kisu.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko chuoni mlikuwa mnasoma nyama bila kuila?"

Nilitoa mifupa nikaipanga juu ya kaunta. Wateja wawili waliokuja kununua maini walisahau maini yao. Nilianza kueleza juu ya miamba na zama, lakini Baba mdogo alininyamazisha kwa mkono, akachukua mfupa wa paja na kufumba macho. Akaupapasa kwa kidole gumba, juu hadi chini, kama mtu anayetafuta mshono ndani ya koti.

"Hapa pana makwaruzo," akasema. "Kano ilishika hapa. Hapa nyama nono, ya kuchoma. Hapa hakuna kitu, mfupa na ngozi." Akafumbua macho. "Nyonga yake iko wapi?"

Nikampa. Akatia kichwa cha mfupa kwenye shimo, akauelekeza kando, kama nilivyochora. Ukachomoka. Akaurudisha, akausimamisha chini ya nyonga. Ukakaa tuli. Halafu akashusha nyonga ya ng'ombe kutoka kwenye ndoano, akanionyesha shimo lake lilivyo na ukingo upande wa juu, na la Meno Mawili lilivyo na ukingo kama huo.

"Ukingo huu unabeba uzito. Mguu huu unasimama chini ya mwili. Nani alikuambia unalala?"

"Kitabu."

"Kitabu kimewahi kuchinja?"

Nusu dakika! Siku tisa zangu za kukodoa macho, na mtu amemaliza kwa nusu dakika huku mteja akiuliza bei ya figo. Nilifurahi hata nikamkumbatia, na aproni yake ikanipaka damu kwenye blauzi niliyoivaa kwa ajili ya kuheshimika. Nikasema basi, miguu yote minne tunaisimamisha, mnyama amenyooka, nakwenda kuchora.

"Subiri," akasema. Alikuwa ameshachukua mfupa wa mkono. Huu ni mfupa wa ajabu, umejisokota katikati na umetanuka ncha zote mbili kama kasia. Akautia kwenye bega, akausimamisha. Ukagonga. Akaugeuza upande wa pili. Ukagonga. Akaulaza kando, kiwiko nje. Ukaingia.

"Huyu," akasema, "mbele anatambaa, nyuma anatembea."

"Baba mdogo, hakuna mnyama wa hivyo."

"Mimi sijasema yupo. Nimesema mfupa."

Tukabishana. Wateja wa maini walijigawa, mmoja upande wangu, mmoja upande wake. Katikati ya ubishi ikasikika sauti mlangoni: "Nyie, njooni! Kigego mwenyewe huyu hapa!" Mama Kulwa, ambaye nilikuwa nimemwambia nakwenda bucha gani, alikuwa amepita sokoni na wenzake wawili wa kwaya, akawa ameahidi kuwaonyesha mtoto wa kwenye treni. Aliposikia tunachobishania, aliweka ndoo chini.

"Maneno hayatasimamisha mnyama," akasema. "Leteni udongo."

Udongo ukaletwa kutoka kingo za mto. Tulifunga mifupa kwa waya, na vijiti pale ambapo hatukuwa na mifupa; fuvu tu nililiacha ndani ya khanga, kichwa kiwe cha udongo mtupu, na Mama Kulwa akakaa juu ya kreti la soda na kuanza kuvika. Sijawahi kuona mikono kama ile. Baba mdogo alisimama juu yake akielekeza kwa ncha ya kisu: hapa ongeza, hapa punguza, hapa usiweke, kano haikuacha alama. Nami nilikuwa napima, naandika, nachora, napima tena. Hiyo ndiyo kazi yenyewe tuliyofundishwa chuoni. Tofauti ni kwamba chuoni hakuna aliyegawana mnyama.

Maana walianza kugawana. Mtu hawezi kuona mnyama mnene mbele yake akaacha kujua kipande ni cha nani.

"Kwetu shingo ni ya aliyemlisha," alisema Mama Kulwa akibandika shingo.

"Na paja ni la mwenye mnyama," alisema Baba mdogo.

"Mwenyewe ni nani?"

Wote wakanigeukia.

"Nadhani ni wa serikali," nikasema.

"Basi tusahau," alisema Baba mdogo. "Hatutaonja hata utumbo."

Kidari ndicho kilichowakorofisha kweli. Mama Kulwa alikuwa amekifanya chembamba kama cha mbuzi. Baba mdogo akakataa. Mnyama aliyetanua viwiko hivi, akasema, anajishikilia kwa kifua muda wote, asile vumbi; kidari chake lazima kiwe kinene kuliko cha fahali. "Jaribu mwenyewe kulala kifudifudi halafu ujinyanyue kwa mikono iliyotanuliwa. Utajua kinachouma." Mwimbaji mmoja wa kwaya alijaribu pale pale sakafuni, kwenye vumbi la mbao. Akasema kinachouma ni kifua. Kidari kikaongezwa.

Alipokwisha, tulirudi nyuma kumtazama. Mbele alikuwa kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kitanda. Nyuma alikuwa kama ndama. Tulicheka mpaka watu wa bucha la jirani wakaja kuuliza nani amepata nini. Lakini alisimama! Alisimama juu ya kaunta bila kushikwa, na nilipomtazama macho ya udongo aliyotobolewa kwa njiti ya kiberiti, naye kama alinitazama.

Mnanijua. Asubuhi yake, kabla ya watu kuamka, wasiwasi ulikuwa umerudi na jamaa zake wote. Mnyama gani ana miguu ya namna mbili? Je, nimeacha kosa la kitabu nikaokota kosa la bucha? Nikaishika miguu ya mbele nikaikunja taratibu iende chini ya mwili, ilingane na ya nyuma. Udongo ukapasuka begani, na mfupa ukatoka nje. Niliubandika haraka kwa mate, kiwiko nje kama jana, na kuondoka bila kumwambia mtu. Leo ndiyo naungama.

Kilosa mpaka Mikumi, kupitia Ulaya

Basi la Mikumi lilikuwa na kondakta aliyekuwa akiita, "Ulaya! Ulaya! Wa Ulaya waingie!" Wageni wa njia hiyo hucheka, wenyeji wamechoka kucheka, kwani Ulaya ni kijiji chao cha njiani. Mimi nilifika Ulaya Jumatano saa saba mchana, nikakaa saa mbili na nusu kwa sababu ya springi iliyokatika, nikala mahindi ya kuchemsha. Kwa hiyo msiniambie tena sijatembea.

Meno Mawili nilimweka kwenye boksi la sabuni mapajani. Jirani yangu alikuwa amevaa koti zito la mtumba, lenye picha ya watu wanaoteleza kwenye barafu, na jasho lilimtiririka lakini hakulivua, maana lilikuwa jipya kwake. Vumbi liliingia kote. Kwenye shimo moja kubwa mkia ulikatika. Nilipiga ukelele, dereva akafunga breki, na kondakta akaja kuona aliyekufa.

"Mkia tu, dada?" Alimgeuza mnyama huku na huku. "Hata hivyo ulikuwa mrefu mno kwa mtu mnene hivi." Akatoa mdomoni bablishi aliyokuwa akitafuna, akaukata mkia nusu na kubandika uliobaki. Nikataka kugomba. Kisha nikafungua daftari na kukuta kwamba mifupa michache ya mkia iliyowahi kupatikana ilikuwa mifupi. Kondakta alikuwa sahihi. Wakati huo nilikuwa nimeacha kushangaa.

Mikumi: pembe shavuni

Kizuizi cha askari wa wanyamapori kilitusimamisha kabla ya mjini. Askari aliyepanda, Bwana Lukasi, alikuwa mtu mrefu wa makamo mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama kisu. Alifungua begi langu, akafunua khanga, akaona meno mawili meupe.

"Pembe," akasema.

Mnajua neno hilo lina uzito gani kule. Basi zima lilinihama. Yule wa koti, aliyekuwa ameniegemea usingizini tangu Ulaya, alisema hanijui.

Niliteremshwa mimi, begi na boksi, na basi likaondoka. Nilieleza kila kitu tena kwa ile sauti ya filimbi. Bwana Lukasi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akabandika jino moja la fuvu kwenye shavu lake na kutulia kama anayesikiliza redio.

"Pembe ya kweli ni baridi," akasema. "Hii haina baridi. Iangalie na wewe." Mwenzake akaweka shavuni. Akaja mpishi wa kambi, naye akaweka. Dereva wa lori la mkaa aliyesimamishwa baada yetu alishuka mwenyewe kuja kuweka shavu. Wote wanne walikubaliana kwamba haina baridi, na nikaachiwa huru kwa ushahidi wa mashavu.

Lakini Bwana Lukasi alikuwa ameshafungua boksi. Alimtoa Meno Mawili wa udongo, akamweka juu ya ukuta mfupi, akamzunguka.

"Nani kakuonyesha mwendo huu?"

"Mwenye bucha," nikasema, "na mimi simwamini sana."

"Kwa nini?"

Nikamwonyesha picha yangu ya kwanza, kisha nikamweleza hofu yangu: miguu ya namna mbili, mnyama mmoja. Hakucheka. Alinipeleka nyuma ya kambi, kwenye kijito, akanionyesha alama ya kenge aliyepita asubuhi: mkia umechora mstari katikati, na nyayo ziko mbali kando. Mbele kidogo palikuwa na njia ya kiboko, mitaro miwili imekaribiana na tuta la majani katikati. "Kenge mwepesi, anaweza kujibeba hivi. Kiboko mzito, miguu yake iko chini yake. Mnyama wako ni mzito. Nyuma kunasukuma, lazima kuwe chini. Mbele kunafanya nini?"

"Anachimbua mizizi kwa mdomo, tunadhani. Kichwa kiko chini muda wote."

"Basi mbele hakuhitaji urefu. Kunahitaji kushika ardhi."

Nilisema bado sioni. Bwana Lukasi alitazama huku na huku, akavua kofia na kunipa niishike. Akapiga magoti vumbini, na sare yake ile. Akatanua viwiko, akashusha kifua, akainua nyuma, akaenda. Mungu wangu, alivyokwenda! Nyuma ilisukuma hatua fupi fupi, mbele viganja vilishika ardhi kimoja baada ya kingine, kichwa kikiyumba kando kwa kando kikitafuta mizizi. Hakuwa kenge. Hakuwa kiboko. Nilikuwa namtazama Meno Mawili akitembea, na nikaanza kuruka ruka kama mtoto aliyeona gwaride.

Gari la watalii likasimama barabarani. Walikuwa wamekuja kuona simba. Wakampiga picha Bwana Lukasi.

"Usisimame!" nikapiga kelele. "Rudi tena, Bwana Lukasi, tafadhali!"

"Kiuno, binti yangu!"

"Mara moja tu!"

Akarudi. Kisha tukainama wote kutazama vumbi. Viganja viliacha alama mbali kando. Magoti yaliacha alama karibu karibu katikati. Njia mbili, mwendo mmoja.

"Ningekuta nyayo hizi asubuhi," alisema Bwana Lukasi, akijipangusa bila mafanikio, "ningefuata. Ningejua kuna mnyama mbele. Nyayo za ile picha yako nyingine nisingezifuata."

"Kwa nini?"

"Asingefika mbali."

Nilizipima nyayo zile kwa kamba, mara tatu.

Mikumi: kando ya barabara kuu

Alhamisi asubuhi nilikaa kwenye hoteli ndogo ya chai, pale mabasi ya Iringa yanapopumzika, nikachora. Karatasi nzito ya jalada nilikuwa nayo moja tu, ile yenye picha ya kwanza, na Mikumi nzima haikuwa na nyingine. Nikaigeuza, nikachora upande wa pili. Rangi ya ngozi nilimpa ya tope, kwa kukisia, na pembeni nikaandika kwa penseli kipi kimetoka kwenye mfupa na kipi kichwani mwangu. Aliyeleta chai alimtazama akacheka, akaenda kumwita mwenzake. Mwenzake akauliza, "Anakula nini?" Hakuna mtu aliyewahi kuuliza picha ya kwanza inakula nini.

Saa sita nikapiga simu kwa mchapishaji.

"Rehema! Picha iko njiani?"

"Nimeichora upya, upande wa pili wa karatasi ile ile. Miguu ilikuwa makosa."

"Bado anatisha?"

"Hapana. Anachekesha."

"Mimi siuzi vichekesho. Ile ya kwanza nimeshawaonyesha wenye maduka."

"Ile ya kwanza ni ya uongo."

"Nani atajua? Mwenyewe amekufa."

"Mwenye bucha amejua kwa nusu dakika."

"Basi sikiliza," akasema, si kwa ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Leta karatasi, mimi nitachagua upande. Ila kitabu cha pili nitatafuta mtu asiyenisumbua."

Nilirudi mezani. Chai ilikuwa imepoa. Niligeuza karatasi upande huu, nikaigeuza upande ule. Nikiituma hivi hivi, sijasema uongo. Nimempa zote mbili, achague. Ni kosa lake. Na kitabu cha pili ni chakula. Na mama amewaambia kanisa zima kwamba nimepata kazi. Na pengine Baba mdogo amekosea, na pengine Bwana Lukasi ana kiuno kibovu na Meno Mawili alikuwa na kizima. Na pengine, na pengine. Basi la Dar lilikuwa limeshawasha injini.

Sijui nilisimama lini. Ninachojua ni kwamba nilifungua kichupa cha wino mweusi, nikachovya brashi nene, nikaipiga picha ya kwanza mistari miwili mipana, kutoka pembe mpaka pembe. Kazi yangu ya kwanza kulipwa. Nilisubiri ikauke nikiipepea kwa sahani, nikaitia kwenye bahasha na kuandika juu jina la mchapishaji, na chini yake langu, lote, kwa herufi kubwa.

Kondakta alikuwa anafunga mlango.

"Ya Dar? Ndani kuna nini?"

"Mnyama."

"Mzima?"

"Alikufa zamani sana."

Akarudisha mkono. "Atanuka kwenye gari, dada."

"Hanuki," nikasema, nikampa bahasha kwa mikono miwili. "Na usimkunje. Leo ndiyo kwanza amesimama."